Moulay Ismail na Nguvu Iliyozikwa Naye

Leo tunakwenda Moroko, kaskazini-magharibi kabisa mwa Afrika, na tutakayemzungumzia ni Sultani Moulay Ismail, aliyetawala tangu mwaka 1672 hadi 1727. Miaka 55. Hakuna sultani wa Moroko aliyekaa kwenye kiti muda mrefu kuliko yeye.

Nimemchagua kwa sababu habari yake ina pande mbili ambazo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. Wako wanaomsifu kwamba aliikuta nchi vipande vipande akaiunganisha, akaogopwa na wafalme wa Ulaya. Wako wanaotaja ukatili wake tu, vichwa vilivyokatwa na mateka waliokufa wakijenga kuta. Mimi naona pande hizo mbili hazitengani. Lile lililompa nguvu ndilo lililoivunja dola yake baada yake, na ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini usiku huu.

Turudi nyuma kidogo tuone alichokikuta. Mwaka 1603 alifariki Sultani Ahmad al-Mansur wa ukoo wa Saadi, na wanawe wakaanza kugombea kiti. Ugomvi wao uliichana Moroko kwa zaidi ya miaka 60. Fez ilikuwa na wakubwa wake, Marrakech wake. Katika milima ya Atlas ya Kati walitawala mashehe wa zawiya, yaani kituo cha kidini, ya Dila. Mji wa Salé, kwenye pwani ya Atlantiki, ulikuwa mikononi mwa maharamia waliojiamulia mambo yao. Wazungu nao hawakulala. Wahispania waliitwaa Larache mwaka 1610 na Mehdya mwaka 1614, licha ya Melilla waliyoishika tangu 1497. Wareno walikuwa wamejichimbia Mazagan. Waingereza walipata Tangier bila kurusha risasi, maana Wareno waliwapa mji huo pamoja na mali aliyokwenda nayo Catherine wa Braganza kwa mumewe, Mfalme Charles wa Pili. Na upande wa mashariki walikuwako Waturuki wa Algiers, wakinyemelea mpaka.

Katika hali hiyo wakainuka masharifu wa Tafilalt, nchi ya mitende ukingoni mwa Sahara. Hao ndio ukoo wa Alawi, ukoo unaotawala Moroko hadi leo. Moulay Rashid aliiteka Fez mwaka 1666 na Marrakech mwaka 1669. Lakini Aprili 1672, akiwa Marrakech, farasi wake alitimka naye bustanini, akagonga kichwa kwenye tawi la mti, akafa. Mdogo wake Ismail, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa liwali wa Meknes. Habari ilipomfikia hakungoja kuitwa. Alijitangaza sultani.

Kujitangaza ni jambo moja na kutiiwa ni jambo jingine. Ahmad ben Mahrez, mtoto wa kaka yake, alijitangaza sultani kule Marrakech. Watu wa Fez wakamfungia malango, ikambidi auzingire mji huo mkubwa wa elimu na biashara kwa zaidi ya mwaka. Marrakech ilisalimu amri mwaka 1677 baada ya mazingiwa ya muda mrefu. Hata hapo ben Mahrez hakukoma. Alihamia kusini, na aliuawa karibu na Taroudant baada ya kumsumbua ami yake kwa zaidi ya miaka 10.

Somo alilolipata Moulay Ismail katika miaka hiyo ni hili: sultani wa Moroko hakuwa na jeshi lililo lake. Alikuwa na makabila. Kabila likiridhika na malipo na heshima, lilimletea wapanda farasi. Likichukizwa, lilirudi kwao, au lilimwendea mpinzani wake. Kila mwanajeshi alikuwa na shehe wake na ukoo wake wa kuutii kabla ya kumtii sultani. Kwa hiyo Moulay Ismail aliazimia kupata askari wasiokuwa na kabila la kurudi, wasiokuwa na mwingine wa kumtegemea isipokuwa yeye.

Waandishi wa Moroko wanasimulia kwamba alitokea mtumishi mmoja wa Marrakech aliyejulikana kwa jina la Alilish, ambaye jamaa zake waliwahi kuwa makarani wa Sultani al-Mansur. Alikuwa na daftari. Ndani yake mliandikwa majina ya watu weusi waliokuwa askari watumwa wa al-Mansur miaka mingi nyuma. Wahenga wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilipatikana, ila mali iliyoandikwa ndani yake ilikuwa watu. Wale walioandikwa walikuwa wamekwisha kufa, lakini watoto na wajukuu wao walikuwa hai, wakilima na kufanya kazi zao sehemu za Marrakech. Moulay Ismail akamwagiza Alilish awakusanye. Walikusanywa kama 3,000.

Baadaye amri ikapanuliwa. Wakakusanywa watu weusi mijini na vijijini kote Moroko: waliokuwa watumwa wakanunuliwa kwa mabwana zao, na waliokuwa huru wakachukuliwa tu. Wengi wa hao walikuwa Haratin, watu weusi waungwana waliokaa nchini vizazi na vizazi, Waislamu, wakulima wa mabonde na mafundi wa mijini. Kambi kubwa ikajengwa Mashra' al-Raml, kati ya Meknes na Salé. Askari hao wakaapishwa juu ya Sahihi ya Imamu Bukhari, na sultani akawaambia kwamba wao na yeye wote ni watumwa wa Sunna ya Mtume iliyokusanywa katika kitabu hicho. Kitabu kikabebwa mbele yao vitani. Kwa hiyo wakaitwa Abid al-Bukhari, yaani watumwa wa Bukhari.

Sasa sikilizeni jinsi walivyolelewa watoto wao, maana hapo ndipo unapoiona akili ya mtawala huyu, na ndipo unapoiona hatari yake. Kuanzia karibu na mwaka 1689 aliamuru aletewe watoto wa askari hao, wavulana kwa wasichana, waliofikia umri wa miaka 10. Wasichana waligawanywa katika majumba ya kifalme, wakafundishwa kupika, kushona na kazi nyingine za ndani. Wavulana mwaka wa kwanza walikwenda kwa mafundi, waashi na maseremala, wakajifunza kazi za mikono. Mwaka wa pili waliendesha nyumbu. Mwaka wa tatu walishindilia udongo na chokaa katika kuta za Meknes. Mwaka wa nne walipewa farasi, wakapanda bila tandiko mpaka miili ikazoea. Mwaka wa tano walipewa tandiko na bunduki, wakajifunza kupiga shabaha farasi akiwa mbioni. Wakifikia kama miaka 16 waliingia jeshini. Siku hiyo hiyo waliozwa wale wasichana waliolelewa majumbani. Mvulana alipewa mithqali 10, msichana mithqali 5, na majina yao yote mawili yakaingizwa daftarini. Wakipata watoto, watoto nao walingojewa wafikie miaka 10.

Mnaona mpango ulivyofungwa, wasikilizaji. Huyu kijana ndiye fundi wa ukuta, ndiye mlinzi wa ukuta, na mwanawe atakuwa vivyo hivyo. Chakula chake, mke wake na heshima yake vyote vinatoka mkono mmoja. Waandishi wa zamani wanasema jeshi hilo lilifika watu 150,000. Wanahistoria wengi wa leo wanaona idadi hiyo ni kubwa mno. Hata tukiipunguza sana, lilikuwa jeshi la kudumu ambalo hakuna sultani wa Moroko kabla yake aliyewahi kuwa nalo.

Je, jeshi hilo lilifanya nini? La kwanza, lilimwezesha kuishika nchi. Alijenga kasba, yaani maboma yenye askari, kwenye njia kuu na kuizunguka milima. Masimulizi ya zamani yanataja kasba 76. Kila moja ilikuwa na kikosi cha Abid na ghala ambamo watu wa jirani walileta nafaka na kodi zao. Makabila ya Waamazighi wa Atlas ya Kati yalipigwa vita miaka mingi, na yaliposhindwa yakanyang'anywa farasi na silaha. Ikafika hali kwamba walioruhusiwa kuwa na silaha ni Abid wenyewe, makabila machache ya kijeshi yaliyomtumikia sultani, kama Udaya, na watu wa milima ya Rif, kaskazini, waliokabiliana na Wahispania. Waandishi wa Moroko walisifu kwamba siku hizo mwanamke peke yake angetoka Oujda, mpakani mashariki, akafika Wadi Nun, kusini kabisa, bila mtu kumuuliza atokako wala aendako. Kwa msafara wa wafanyabiashara usalama huo ulikuwa na thamani kubwa. Kwa mwanakijiji wa mlimani aliyenyang'anywa farasi wake ulikuwa na sura nyingine.

La pili, alirudisha bandari. Mehdya ilikombolewa kwa Wahispania mwaka 1681. Tangier ilibanwa na majeshi ya Warifi mpaka gharama zikawashinda Waingereza. Februari 1684 waliondoka, na kabla ya kuondoka wakaivunja gati kubwa waliyoijenga kwa miaka mingi, isimfae sultani. Larache ilianguka mwaka 1689 baada ya kuzingirwa miezi kadhaa, na Asilah ikafuata mwaka 1691. Ceuta, nayo mikononi mwa Wahispania, ilimshinda. Aliizingira kuanzia mwaka 1694, na mazingiwa hayo yaliendelea kwa vipindi hadi mwaka aliofariki, bila kufaulu.

Wasikilizaji wetu wa Mombasa watalielewa jambo hili haraka. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1696 hadi Desemba 1698, majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yaliizingira Ngome ya Yesu mpaka Wareno wakang'olewa. Moroko na pwani yetu hazikupanga shauri pamoja, lakini huku na huku watu walikuwa wakizitoa bandari zao mikononi mwa Wazungu waliozishika kwa miaka mingi. Habari za Kiafrika za zama hizo si za kuvamiwa tu. Kulikuwa na watawala waliopanga, waliolipa askari na waliosubiri.

La tatu, aliwazuia Waturuki. Karibu dunia yote ya Waarabu, kutoka Misri hadi Algiers, ilikuwa chini ya sultani wa Istanbul kwa namna moja au nyingine. Moroko haikuwa. Moulay Ismail alijaribu zaidi ya mara moja kuupeleka mpaka mbele ndani ya nchi ya Algiers, na kila mara alipigwa. Mwaka 1692 alishindwa karibu na mto Moulouya, na mwaka 1701 akashindwa tena karibu na mto Chelif. Hapo akatambua kikomo chake, akaimarisha kasba za mashariki na kuulinda mpaka aliokuwa nao. Kujua pa kusimama nako ni sehemu ya utawala.

Tena hakutegemea bunduki tu. Mwaka 1682 balozi wake Mohammed ben Haddou alipokewa London kwa heshima kubwa. Mwaka 1698 Abdallah ben Aicha, nahodha wa Salé, alipelekwa kwa Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa. Mwaka 1721 ulitiwa saini mkataba na Uingereza, na mateka Waingereza wakaachiliwa. Katika mambo ya ndani alimsikiliza mkewe Khnata bint Bakkar, mwanamke msomi kutoka kabila la jangwani, aliyekuwa mshauri wake na mwandishi wa barua zake. Jina hilo lishikeni, tutalirudia.

Na haya yote yalikuwa na mji wake. Hakuiamini Fez wala Marrakech, miji iliyokuwa imemfungia malango. Aliifanya Meknes makao makuu, akajenga pale kwa nusu karne bila kupumzika. Kuta zinazokadiriwa kilomita 40 zikauzunguka mji na majumba yake. Marumaru na mapambo ya jumba la al-Badi, lile jumba la fahari la Sultani al-Mansur kule Marrakech, yaling'olewa yakapelekwa Meknes. Ukienda leo utaona mahali paitwapo Heri es-Souani, penye safu baada ya safu za matao manene ya udongo yasiyo na paa, na kando yake ziwa la kuchimbwa lenye urefu wa zaidi ya mita 300. Palijengwa kwa ajili ya akiba ya chakula na maji, ili mji uweze kuvumilia mazingiwa ya muda mrefu. Waliojenga ni Wamoroko waliolazimishwa kutoka makabila mbalimbali, wale wavulana wa mwaka wa tatu, na mateka wa Kikristo waliokamatwa baharini na majahazi ya Salé. Mmoja wao, Thomas Pellow, alitekwa akiwa na miaka 11, akatumikishwa jeshini miaka mingi, akarudi kwao Cornwall mwaka 1738 na kuandika habari zake.

Hadi hapa, msikilizaji, ungesema huyu ni mjenzi wa dola. Na ni kweli. Sasa tuitazame gharama yake.

Kumkamata Mwislamu huru na kumfanya mtumwa ni jambo ambalo sheria ya Kiislamu hailiruhusu. Moulay Ismail alilijua hilo, naye alikuwa sharifu aliyedai utii wa watu kwa sababu ya nasaba yake na dini yake. Kwa hiyo hakutosheka na kuwakamata Haratin. Alitaka maulamaa wa Fez waweke sahihi katika madaftari yake, wathibitishe kwamba watu hao ni watumwa halali. Aliwaandikia barua na kuwapa hoja: kwamba nchi inahitaji askari wa kuilinda, kwamba watu hao asili yao ni utumwa, kwamba dola isiyo na jeshi itaanguka. Wengine waliogopa wakaweka sahihi. Wengine walijikongoja na kutafuta maneno ya katikati.

Abd al-Salam Jassus, faqihi wa Fez, alikataa. Msimamo wake ulikuwa mfupi: asili ya binadamu ni uhuru, na mtu hawi mtumwa kwa kuandikwa daftarini na karani wa sultani. Walimfunga. Walimnyang'anya mali yake. Walimdhalilisha mbele ya watu katika mji aliokuwa akifundisha. Hakubadilisha neno. Mwaka 1709 walimnyonga gerezani.

Wanahistoria wanasema mama yake Moulay Ismail mwenyewe alikuwa mjakazi mweusi. Sultani aliyezaliwa na mama huyo ndiye aliyetoa amri kwamba weusi wa mtu utoshe kuwa ushahidi wa utumwa wake. Watu wa Haratin walioamka asubuhi waungwana, wenye mashamba na wake na jina, walilala usiku wakiwa mali ya dola. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi hulipita mbio na kukimbilia kusifu malango ya Meknes. Katika dola iliyoimarishwa kwa namna hii, raia hana mahali pa kushika. Kama fatwa ya kweli inamuua mwanazuoni, basi hakuna sheria juu ya kiti. Na pale ambapo hakuna sheria juu ya kiti, hakuna sheria itakayomlinda anayekikalia wala watakaomrithi.

Dalili zilionekana angali hai. Karibu na mwaka 1700 aliwagawia wanawe wakubwa majimbo wayatawale. Wakaanza kupigana wao kwa wao. Mmoja, Muhammad al-Alim, kijana aliyesifika kwa elimu, aliasi kule Sus, kusini mwa nchi, na kuiteka Marrakech. Aliposhindwa, baba yake aliamuru akatwe mkono na mguu, akafa kwa majeraha hayo mwaka 1706. Mwaka 1718 sultani aliwavua wanawe karibu wote madaraka. Wana walikuwa mamia, maana wake na masuria walikuwa wengi mno, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa utaratibu gani kiti kingepatikana baba akifa.

Moulay Ismail alifariki Machi 1727, mzee wa kama miaka 80. Mwanawe Ahmad al-Dhahabi akapanda kitini kwa msaada wa Abid. Mwaka uliofuata Abid hao hao wakamtoa wakamweka ndugu yake, kisha wakamrudisha. Mwaka 1729 alikufa, wakamweka mwingine, Abdallah. Huyu alitolewa na kurudishwa mara kadhaa kwa muda wa karibu miaka 30. Kila aliyetaka kiti alilazimika kuwalipa askari zawadi kubwa, na asiyekuwa na fedha alizitafuta kwa kuwakamua watu wa mijini. Makabila ya mlimani yakatafuta tena farasi na bunduki. Kasba zikaachwa. Njaa ikaingia. Fez iliyobanwa kwa nusu karne ikaasi tena na tena.

Mchuma janga hula na wa kwao. Askari wale walilelewa wasimjue mtu mwingine isipokuwa sultani. Sultani alipokufa hawakuwa na nchi ya kuitumikia wala sheria ya kuwazuia. Walikuwa na bunduki na njaa tu. Mimi siwalaumu wao kwanza. Waliibiwa uhuru wao, wakalelewa kuwa chombo cha mtu mmoja, na chombo kikikosa mwenyewe humdhuru yeyote. Jassus alipinga utumwa wao kwa hoja ya dini na haki. Miaka 18 tu baada ya kunyongwa kwake ilidhihirika kwamba hoja yake ilikuwa vilevile hoja ya usalama wa dola.

Lakini Moroko haikufa, na aliyeiinua alitoka katika nyumba ile ile. Nilisema tushike jina la Khnata bint Bakkar. Mwanawe ndiye yule Abdallah aliyekuwa akitolewa na kurudishwa. Katika misukosuko hiyo, mama huyu alisafiri kwenda Makka kuhiji, na katika msafara alimchukua mjukuu wake mdogo, Muhammad. Mtoto huyo alikua akiona kwa macho yake jinsi kiti cha babu yake kilivyofanywa mchezo na wenye silaha. Alipewa kuitawala Marrakech angali kijana, akaijenga upya kutoka katika magofu, na mwaka 1757 akawa sultani.

Sidi Muhammad bin Abdallah alifanya mambo kwa njia nyingine. Jeshi la Abid alilipunguza na kulitawanya, lisiweze tena kumpangia nani atawale. Kwa fedha alitazama bahari. Alifanya mikataba ya biashara na Sweden, Ufaransa, Hispania na wengineo. Katika miaka ya 1760 alijenga mji mpya wa bandari, Essaouira, ili biashara ya Ulaya ipitie mahali ambapo ushuru wake ungefika hazina bila kupotelea njiani. Mwaka 1769 alikomboa Mazagan, Wareno wakaondoka na wakazi wake wakahamishiwa Brazil. Mwaka 1777 alizifungulia meli za Marekani bandari zake, taifa hilo likiwa na umri wa mwaka mmoja na usoni mwake vita bado vinarindima. Na alipotaka kutoza kodi mpya aliwauliza kwanza maulamaa kama sheria inamruhusu. Kwa mjukuu wa mtu aliyemnyonga Jassus, hilo halikuwa jambo dogo.

Sisemi alikuwa malaika. Utawala wake ulipata ukame na njaa kali kuanzia mwaka 1776, na alipofariki mwaka 1790 wanawe nao walipigania kiti. Suala la urithi hakulimaliza. Lakini dola aliyoiacha ilikuwa na kipato kinachojulikana, bandari zinazofanya kazi na mikataba iliyoandikwa, ndiyo maana haikurudi katika miaka 30 ya vurugu kama ile ya mwanzo. Mkataba aliotia saini na Marekani mwaka 1786 uliendelea kuheshimiwa na waliomfuata.

Wasikilizaji wangu, hukumu yangu juu ya Moulay Ismail ni hii. Alikuwa hodari, mvumilivu na mwenye kuona mbali katika mambo ya vita na ujenzi, na Moroko kubaki nje ya milki ya Waturuki na kurudishiwa bandari zake ni kazi yake kwa sehemu kubwa. Hayo ni haki yake. Lakini alichanganya nguvu ya dola na nguvu yake mwenyewe. Kila kilichokuwa kinaweza kusimama bila yeye, iwe kabila, mji, mwanazuoni au hata mwanawe, alikivunja, akidhani anaimarisha. Akabaki yeye peke yake, na mwanadamu hufa.

Kwa hiyo tunaposoma historia ya watawala wetu wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini, wa zamani na wa jana, tusiishie kuuliza alijenga nini na alimshinda nani. Tuulize pia nani aliyeweza kumwambia hapana akabaki hai, na nini kilichosimama mwaka mmoja baada ya kuzikwa kwake. Wafundisheni watoto majina ya masultani, hakuna ubaya. Lakini wafundisheni na jina la Abd al-Salam Jassus wa Fez, aliyekubali kufa kuliko kuweka sahihi yake chini ya utumwa wa watu huru.